Krismasi ambayo Rap Genius ilipotea Google: kisa cha linki za blogu

Tarehe 25 Desemba 2013, siku ya Krismasi kabisa, ukiandika "rap genius" kwenye Google ulikuwa unaletewa akaunti yao ya Twitter, ukurasa wao wa Facebook, Wikipedia, na habari za watu wanaowasema, kila kitu isipokuwa websaiti yao yenyewe. Yenyewe ilikuwa imezikwa huko kurasa za nyuma ambako hakuna mtu anafika. Yani unaulizia nyumba ya fulani mtaani kwake mwenyewe, unaonyeshwa ya jirani, unaonyeshwa ya shemeji, unaonyeshwa hadi ya anayemdai, ila ya kwake hakuna anayeijua.

Na hawa hawakuwa watu wa majaribio. Oktoba 2012 walikuwa wamepewa dola milioni 15 na Andreessen Horowitz, ile kampuni kubwa ya uwekezaji ya kule California, kwa ajili ya websaiti ya kueleza mashairi ya rap. Ndo hivyo, websaiti ya mashairi. Waanzilishi walikuwa vijana watatu waliosoma chuo kikuu cha Yale huko Marekani, Tom Lehman, Ilan Zechory na Mahbod Moghadam, walianza 2009 na wazo lao lilikuwa jepesi: unasoma mashairi ya wimbo, ukifika kwenye mstari usiouelewa unaubonyeza, unapata maelezo yaliyoandikwa na watu wengine, kwamba hapa jamaa anamsema nani, hapa neno hili mtaani kwao lina maana gani. Baadae wasanii wenyewe wakaanza kuingia kueleza mistari yao, rapa Nas akiwa wa kwanza kuthibitishwa. Wazo zuri, mi mpaka leo nalipenda.

Nakieleza kisa hiki kirefu kwa sababu kazi yangu ni kutengeneza websaiti za biashara ndogo ndogo hapa Dar, na hakuna mwezi unapita bila mteja kuniuliza "mbona sionekani Google", na hajamaliza hata sentensi anaongeza kwamba kuna kijana kamwambia atamuwekea linki kwenye blogu 50 kwa bei poa. Huwa nawaambia subiri kwanza nikupe stori ya Rap Genius. Wengi wanachoka kusikiliza nikifika katikati, kwa hiyo safari hii naiandika yote.

Tuanze na kwa nini blogu ziliingia kwenye habari hii. Google ilijengwa juu ya wazo ambalo Larry Page na Sergey Brin walilichapisha mwaka 1998, wakiwa wanafunzi Stanford, wakaliita PageRank. Kwa lugha ya kwetu ni kama barua ya utambulisho. Ukienda kufungua akaunti ya benki au kumdhamini mtu, unaambiwa nenda serikali ya mtaa ulete barua, mtu anayekujua aseme kwa muhuri wake kwamba huyu tunamtambua. Linki ni barua hiyo. Websaiti moja ikiweka linki kwenda nyingine inakuwa imesema huyu namjua, na uzito wa barua unategemea aliyeiandika naye katambulishwa na nani. Sasa nani anaandika barua nyingi kuliko wote? Gazeti likiweka linki mbili kwa wiki limejitahidi sana. Idara za serikali ndo kabisa. Wenye blogu ndo walikuwa wanaandika kila siku, wanasomana, wanasifiana, wanagombana, na kila posti ina linki nne tano. Hata huku kwetu enzi za Blogspot kila blogu ilikuwa na ile orodha pembeni kulia ya blogu za marafiki, unaingia kwa Michuzi unajikuta umetokea kwa mtu wa Mwanza usiyemjua. Kwa Google ile orodha yote ilikuwa ni barua.

Na palipo na barua hapakosi mpiga mihuri feki. Watu waligundua mapema kwamba unaweza kuingia kwenye maoni ya blogu za watu ukajaza linki za dawa za nguvu za kiume, ndo maana Januari 2005 Google, Yahoo na MSN walikubaliana kuleta alama inayoitwa nofollow, unaiweka kwenye linki kusema "hii nimeiweka lakini msiihesabu kama udhamini wangu". Shikilia hiyo nofollow maana tutarudi kwake. Afu tarehe 24 Aprili 2012 wakaja na Penguin, mabadiliko ya mashine yao yaliyolenga waliokuwa wanajitengenezea linki kwa ujanja. Kwa hiyo kufikia 2013 hakuna mtu wa mtandao angeweza kusema sheria sikuijua.

Sasa turudi kwenye mashairi, na hapa naomba utulie kidogo maana watu wengi wanaosimulia kisa hiki wanaparuka.

Mashairi ya wimbo ni yale yale kila mahali. Websaiti ishirini zina wimbo mmoja, maneno yale yale, kichwa cha habari kile kile. Google inaangalia kurasa ishirini pacha halafu inatakiwa iseme nani awe wa kwanza. Kitu gani kinawatofautisha? Kwa sehemu kubwa kinabaki kimoja tu, nani katambulishwa na watu wengi wa maana. Ndo maana kwenye soko la mashairi linki zilikuwa vita, kila mtu anamtuhumu mwenzake. Ukitaka kuelewa kwa mfano wa nyumbani angalia siku yanapotoka matokeo ya form four. Blogu mia zinaandika "Matokeo ya kidato cha nne haya hapa", zote zinaelekeza NECTA kule kule, hakuna hata moja iliyoongeza kitu, na bado kuna moja itakuwa juu na nyingine hutaziona maisha. Au zile za nafasi za kazi, tangazo limekopiwa mpaka makosa ya kiuchapaji. Pale ambapo maandishi hayatofautiani, anayeshinda anashindia nje ya maandishi. Rap Genius walikuwa na bahati ya kuwa na kitu cha ziada, yale maelezo ya mstari kwa mstari ambayo wengine hawakuwa nayo, lakini mtu anayesechi maneno ya wimbo kwa wengi wao anataka maneno tu ajue aimbe nini, kwa hiyo faida yao haikuwa inahesabika upesi vile walivyotaka. Haraka hiyo ndo iliwaponza.

Walivyoteleza ni taratibu sana, na wenyewe walikuja kueleza baadae kwa maandishi yao. Mwanzoni ilikuwa safi kabisa. Mwenye blogu ya muziki anaandika kuhusu wimbo mpya, anaweka linki ya mashairi Rap Genius, msomaji akibonyeza anapata alichotaka. Hakuna polisi wa kumkamata mtu kwa hilo, ndivyo mtandao unavyotakiwa uwe. Halafu wakaanza kuwafuata wenye blogu, kwamba bwana ukiandika kuhusu albamu fulani tuwekee linki za nyimbo zake zote pale chini, sisi tutaitangaza posti yako kwenye Twitter yetu yenye wafuasi kibao. Bado unaweza kutetea, posti inahusu albamu, linki zinahusu albamu. Hatua iliyofuata ndo ile ambayo mtu hasikii mlio wake. Wakaanza kukubali blogu za mtu yeyote, posti ya kitu chochote, mradi chini yake kuna orodha ya linki. Mtu kaandika kuhusu mambo yake huko, chini unakutana na nyimbo 15 za msanii ambaye hajatajwa hata mara moja juu.

Kama kuna sehemu moja ya kisa hiki ningependa mteja wangu aikumbuke ni hii ya hatua ya pili kwenda ya tatu. Hatua zote tatu kwa macho zinafanana: mwenye blogu, linki, tuiti. Kilichobadilika ni kwamba kwenye hatua ya tatu msomaji wa ile posti hana habari na ile linki. Imewekwa kwa ajili ya mashine.

Desemba hiyo Rap Genius wakatangaza kwenye Facebook kwamba wanatafuta blogu washirika, una blogu, unataka kuvuma, tuandikie. Kijana mmoja mwenye blogu yake akaandika kuuliza masharti ni yapi. Moghadam akamjibu mwenyewe, na jibu lake lilikuwa na kila kitu: kipande cha HTML, ile lugha ya kuandikia kurasa za mtandao, kilichotayarishwa tayari chenye linki za nyimbo za Justin Bieber, weka hiki chini ya posti yako, ukimaliza nitumie, sisi tutatuiti, utapata trafiki, yani wasomaji. Justin Bieber! Websaiti inaitwa Rap Genius. Mi nikifika hapo huwa nacheka kila mara, ila ukikaa ukafikiria kibiashara wala si ajabu, Bieber ndo alikuwa anasechiwa na dunia nzima wakati ule.

Tarehe 23 Desemba yule kijana akaweka imeili nzima hadharani. Ndani ya muda mfupi ikawa juu kwenye Hacker News, mahali ambapo watu wa teknolojia wote wanapita, na Matt Cutts, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha Google cha kupambana na uchafu wa namna hiyo, akajitokeza pale pale kusema wanalichunguza. Unajua ile umeshikwa na mwalimu mkuu mwenyewe, tena getini.

Kesho yake, tarehe 24, Rap Genius wakaandika barua ya wazi kwa Google. Hapa ndo wakaharibu mara ya pili. Walikiri kwamba wamekosea, sawa, ila kwenye barua hiyo hiyo wakachukua chombo cha kampuni ya Moz cha kuangalia linki, wakaonyesha linki za washindani wao na kusema angalieni na hawa. Huenda walikuwa na hoja. Lakini umeshikwa na kuku wa mtu mkononi afu unaanza kutaja nyumba nyingine zenye kuku wa wizi, kweli? Ukishasema hivyo umeshamwambia hakimu kwamba ulijua unachofanya na ulikuwa unakipima kwa mizani ya "wengine wanafanya". Tarehe 25 adhabu ikashuka.

Adhabu yenyewe ni ya aina gani, maana watu wanachanganya. Google kuna kushuka kwa sababu mashine imebadilika, hapo hakuna mtu aliyekukusudia. Na kuna adhabu anayotoa mfanyakazi wa Google kwa mkono wake, ameangalia websaiti yako, ameona umevunja sheria, ameweka alama. Hii ya pili ndo waliyopigwa. Ubaya wake unaumia siku hiyo hiyo. Uzuri wake unaweza kuomba ufikiriwe upya, ukionyesha umesafisha. Aliyeshushwa na mashine anaomba kwa nani?

Wakaingia kazini kusafisha, na hii sehemu ndo inanifurahisha kuliko zote kwa sababu ni kazi ya jembe hasa. Walikusanya orodha ya kurasa zote walizoweza kuzipata zenye linki kwenda kwao, kutoka kwenye chombo cha Google cha wenye websaiti na kwenye vyombo vingine vya kulipia. Baada ya kuondoa zilizojirudia wakabaki na 177,781. Hebu fikiria hilo rundo. Huwezi kufungua laki moja na elfu sabini na saba kwa mkono, kwa hiyo wakaandika programu ya kupita kila ukurasa, kuupakua na kuhesabu linki za kwao, wakitafuta zile zenye linki nyingi kwa mpigo mmoja, kwa sababu mtu anayeandika kwa moyo wake anaweka linki moja au mbili, hawezi kuweka kumi na tano mfululizo. Zilizotia shaka wakazipitia kwa macho. Kisha wakaanza kuwaandikia wenye blogu mmoja mmoja: samahani, ile linki tuliyokuomba uiweke, tunaomba uitoe.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Mwezi uliopita unabembeleza waweke, mwezi huu unabembeleza watoe, katikati ya sikukuu, wengine wamesafiri, wengine blogu wameshaitelekeza na pasiwedi wamesahau. Kwa wale wasiojibu kuna chombo ambacho Google ilikuwa imekileta Oktoba 2012, unapeleka orodha unasema hizi linki nazikana, msinihesabie. Wakazikana.

Januari 4, 2014 wakarudi. Siku kumi. Wakaandika posti ndefu kueleza yote hayo, hiyo namba ya 177,781 na programu waliyoandika, na mambo yao waliyoyaita kwa majina yake, kwamba lugha ya ile imeili ilikuwa kama ya dalali wa magari na washirika walichaguliwa hovyo.

Sasa siku kumi ni nyingi au chache? Ukiwauliza wao watakwambia zilikuwa kama mwaka. Mimi nakwambia ni upendeleo. Websaiti ya kawaida ikipigwa adhabu ya mkono inaweza kukaa wiki nyingi au miezi, unatuma ombi, unajibiwa bado kuna linki chafu, unarudi kusafisha, unatuma tena. Wao walikuwa na wahandisi wa kuandika programu usiku wa Krismasi, walikuwa na magazeti yanayofuatilia kila hatua, na ukweli ni kwamba Google nayo ilikuwa inawahitaji, mtu akisechi Rap Genius asiipate anaiona Google ndo mbovu. Wewe mwenye duka la vipuri Kariakoo nani atalalamika usipoonekana? Anayesechi ataletewa duka la pili, atanunua, hatajua hata kama ulikuwepo.

Kuna wanaosema Google walikuwa wanawaonea tu. Hapo siungi mkono, kwa sababu mwanzoni mwa 2012 Google walijipiga wenyewe. Kulikuwa na kampeni ya kutangaza Chrome, kivinjari chao, ambapo wenye blogu walilipwa waandike, na kwenye posti mojawapo ikakutwa linki kwenda ukurasa wa kupakua Chrome isiyo na ile nofollow niliyokwambia uishikilie. Linki moja. Google ikaushusha ukurasa wa Chrome kwa siku zisizopungua 60. Ukitaka kuwa mbishi utasema walifanya hivyo kwa sababu waliumbuliwa hadharani, na ni kweli waliumbuliwa, lakini siku 60 kwa linki moja ni zaidi ya siku 10 kwa mradi mzima.

Na ona mambo yalivyofuatana. Tarehe 20 Januari 2014, wiki mbili tu baada ya Rap Genius kurudi, Matt Cutts akaandika kwamba mchezo wa kuandika posti kwenye blogu za watu kwa ajili ya linki umeisha, kama ndo njia yako acha. Machi mwaka huo mtandao mmoja mkubwa uliokuwa unakutanisha waandishi na wenye blogu nao ukapigwa. Watu wakapaniki, wenye blogu wakaanza kuweka nofollow kwenye kila kitu mpaka linki za marafiki zao, mpaka wanaotajwa kwa haki. Binafsi naona huo ulikuwa uoga uliopitiliza. Cutts mwenyewe alikuja kufafanua kwamba kuandika kwenye blogu ya mwenzako ili usomwe na watu wake bado ni jambo zuri, shida ni kuandika ili linki isomwe na mashine.

Tuichambue sasa ile HTML ya Bieber yenyewe, maana ndo kidhibiti. Ina kosa zaidi ya moja na kila kosa lina mwenzake huku kwetu. La kwanza, maneno ya linki, yale ya bluu yanayobonyezwa, yalikuwa ni yale yale kwa kila blogu, jina la wimbo na neno la kusechiwa. Watu mia wakikuandikia barua ya utambulisho na zote zina mwandiko mmoja, karani lazima ashtuke. Watu halisi wanaandika ovyo, mmoja anasema "hapa", mwingine anaandika jina la websaiti nusu, mwingine anapesti anuani nzima ndefu mbaya. Uovyo huo ndo ushahidi kwamba ni watu. La pili, zimewekwa mwishoni, nje ya habari, hazijashonwa kwenye sentensi yoyote. La tatu nimeshalisema, hazihusiani na kilichoandikwa juu. Na la nne ambalo naliona ndo zito ni malipo. Hakuna hela iliyotoka, tuiti tu, na nadhani ndo maana walijiona wasafi. Ila kwa Google kubadilishana ni kununua, ukitoa bidhaa ya bure, ukitoa matangazo, ukimpa mtu maua. Utani kando, Februari 2013 Interflora, kampuni ya maua ya Uingereza, ilishuka kwenye Google, na kati ya mambo yaliyotajwa ni maua waliyowatumia wenye blogu.

Mteja wangu mmoja wa vipuri vya magari aliniletea orodha ya "blogu" alizowekewa linki kabla hajanijua. Nikafungua ya kwanza, ni mapishi ya biriani, chini kabisa imeandikwa "spea za Toyota Dar es Salaam". Ya pili ni utabiri wa mechi, chini "spea za Toyota Dar es Salaam". Ya tatu kwa Kireno. Alikuwa amelipa laki tatu. Nikamuuliza hivi anayepika biriani anatafuta shokapu? Akacheka, halafu akanyamaza. Hakupigwa adhabu, kusema kweli, na hapa mambo yamebadilika tangu enzi za Rap Genius: Septemba 2016 Penguin iliingizwa ndani ya mashine kuu, na badala ya kukushusha kwa linki mbovu, mara nyingi siku hizi inazipuuza tu, inazihesabu sifuri. Kwa hiyo laki tatu yake haikumdhuru. Ilikufa tu.

Tulichofanya nae ni kidogo na cha taratibu. Nilimwambia maswali anayoulizwa dukani ayaandike kwenye blogu ya websaiti yake, kama anavyoyajibu dukani, na asimuachie mtu amwandikie. Namna ya kujua bushi feki kwa kuikamua, kwa nini chujio la oili la bei chee linaua injini ya bodaboda upesi, namba ya chesesi inasomwa wapi kwenye Noah. Kila posti inakuwa mlango mwingine wa kuingilia dukani, maana mtu hasechi jina la duka lake, anasechi shida yake. Na ukiwa na posti kama hiyo ya bushi feki, fundi mwenye ukurasa wake au mwenye blogu ya magari akiulizwa anakuwa na kitu cha kuelekeza watu. Barua inaandikwa bila kuombwa. Ilichukua muda, mwezi wa kwanza na wa pili hakuna kitu, alinipigia simu za lawama. Posti iliyokuja kumletea watu kuliko zote ni ya namba ya chesesi, ambayo yeye aliiona ya kipuuzi na karibu asiiandike.

Ndo maana nasema Rap Genius wananiuma kidogo. Walikuwa na mali hiyo tayari, maelfu ya maelezo ya mistari ambayo hayapo popote pengine duniani. Mwenye blogu anayeandika kuhusu mstari fulani wa Nas ambao mwenyewe Nas kauelezea, ataachaje kuweka linki? Wangewapelekea wenye blogu za muziki hiyo, tazama msanii wako kasema nini hapa, na wasingehitaji kipande cha HTML. Wangeenda taratibu kuliko walivyotaka, lakini hela walikuwa nazo za kusubiria.

Stori yao haikuishia pale. Moghadam aliondoka Mei 2014 kwa sababu nyingine kabisa, maneno ya hovyo aliyoyaandika kwenye maelezo ya waraka wa muuaji mmoja. Julai mwaka huo kampuni ikapata dola milioni 40 nyingine na ikabadili jina kuwa Genius tu. Halafu likaja la kuchekesha. Google ikaanza kuonyesha mashairi yenyewe, kwenye kisanduku juu kabisa ya majibu, unasechi wimbo unasoma hapo hapo, hubonyezi popote. Genius wakahisi mashairi yanatoka kwao. Kwa hiyo kwenye mashairi yao wakaanza kuchanganya vile vialama vya juu vya herufi, kama kile cha "ng'ombe", kimoja kilichonyooka kimoja kilichopinda, kwa mpangilio ambao ukiusoma kwa Morse, ile alfabeti ya nukta na vistari, unatoa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kushikwa na kidhibiti mkononi". Vialama hivyo hivyo vikaonekana kwenye kisanduku cha Google. Waliopigwa kwa kutega mashine, sasa wanaitegea mashine mtego!

Google wakasema mashairi wanayapata kwa washirika wao wenye leseni. Genius wakashtaki Desemba 2019, wakidai si chini ya dola milioni 50. Agosti 2020 kesi ikatupwa, sababu kubwa ikiwa kwamba mashairi si mali ya Genius, haki ni ya wenye nyimbo, rufaa ikashindwa Machi 2022, na Juni 2023 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikakataa kuisikiliza. Katikati ya hayo yote, Septemba 2021, Genius ikauzwa kwa MediaLab kwa dola milioni 80.

Kile kisanduku kipo mpaka leo. Kina maneno ya wimbo, basi. Juzi nilikuwa nabishana na mdogo wangu kuhusu mstari mmoja wa Nas, nikasechi, kisanduku kikatokea na maneno yote, ubishi uko pale pale. Ikabidi nishuke chini nibonyeze Genius.